Sauti zetu zisichukuliwe na upepo

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Wafanyabiashara wa visiwa hivi waliuelewa msemo huo tangu enzi za majahazi, na kila mwenye duka hadi leo anaujua. Lakini iko mali moja ambayo sisi wananchi wa visiwani tunaitumia kila msimu bila ya kuiandikia daftari, nayo ni sauti za waimbaji, wapigaji na wachezaji wetu wanapokuwa uwanjani, mbele ya watu wao, chini ya mbingu wazi. Leo tumekusudia kuizungumza mali hiyo, na pamoja nayo jambo ambalo kwa wengi litaonekana kuwa ni la mafundi tu: namna ya kusimamisha maikrofoni mbili za kurekodi sauti ya stirio katika maonyesho ya nje. Tunamwomba msomaji avute subira. Jambo lenyewe ni dogo kwa sura, lakini kwa kutolijua tumekwisha poteza kitu ambacho hakitarudi.

Tuanze kwa kujikosoa, maana ndivyo tulivyofunzwa katika vikao: ajikosoe kwanza anayetaka kukosoa wenziwe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwamo katika kamati iliyoandaa onyesho la usiku kwenye kijiji kimoja cha pwani ya kusini ya Unguja. Ulikuwa mwezi wa Julai, na kusi lilikuwa limekaza. Miongoni mwa waliopanda jukwaani alikuwamo mzee mmoja mpigaji fidla, aliyekuwa amekwisha acha kupiga hadharani, na ambaye jamaa zake walimbembeleza siku nyingi hata akakubali. Alipiga kwa muda usiozidi robo saa. Watu waliokuwa wakizungumza walinyamaza, wauzaji wa kahawa wakaacha kugonga vikombe, na alipomaliza aliifunga fidla yake katika kitambaa, akarudi kukaa mahali pake. Sisi tuliridhika, kwa kuwa tuliamini kwamba kila kitu kimerekodiwa.

Wiki ya pili yake tulikaa kusikiliza. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake, ila sisi hatukuwa tumefanya yetu. Maikrofoni ilikuwa moja tu, nayo ilifungwa kwa utepe kwenye mguu wa spika, kwa sababu fundi alipouliza aiweke wapi aliambiwa aiweke penye sauti kubwa. Kilichosikika kilikuwa mngurumo wa upepo, mvumo wa jenereta, na mkwaruzo wa spika iliyozidiwa. Fidla ilikuwamo humo ndani, mfano wa mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bahari iliyochafuka. Hata hivyo hatukuhuzunika sana. Tulisema kwamba tutamrekodi tena.

Kabla ya mvua za vuli kuanza, mzee yule alifariki dunia. Wanawe walipokuja kuomba nakala tuliwapa, kwani hatukuwa na sababu ya kuwanyima. Mmoja wao aliisikiliza mpaka mwisho, akaturudishia kwa adabu, akasema: "Ahsanteni sana, lakini huyu siye baba."

Maneno hayo hayakututoka. Tulitafuta wa kumlaumu tukamkosa. Fundi alitii alichoambiwa. Aliyemwambia alikuwa ni sisi, na sisi hatukujua kwamba palikuwa na jambo la kujua.

Basi kitu hicho ni nini? Wengi wetu tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli za Serikali tutaelewa upesi kwa mfano huu. Watoto thelathini tulikuwa tukikaa juu ya mikeka, kila mmoja na aya yake, wote tukisoma kwa sauti kwa wakati mmoja. Mpita njia alisikia kelele tupu. Lakini maalim, naye amefumba macho kama mtu anayesinzia, aliweza kuinua bakora yake na kuielekeza moja kwa moja kwa mtoto wa pembe ya kushoto aliyeikosea herufi. Hakumwona. Alimsikia, na zaidi ya kumsikia alijua alipo.

Siri ya maalim ilikuwa ni masikio mawili. Sauti inayotoka kushoto hulifikia sikio la kushoto kabla ya kulifikia la kulia. Tofauti yenyewe ni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini akili ya mwanadamu huitambua. Pia sikio lililo karibu hupokea sauti kwa nguvu zaidi, kwa kuwa kichwa hulikinga lile la pili. Kwa tofauti hizo mbili, ya wakati na ya nguvu, akili hupanga kila sauti mahali pake, na sauti zilizopangwa hazichanganyiki. Anayesikiliza kwa sikio moja husikia kelele ya chuo. Anayesikiliza kwa masikio mawili husikia wanafunzi.

Kurekodi kwa stirio ni kuipa mashine masikio mawili. Wala si jambo geni duniani. Mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme mjini Paris, mhandisi Clément Ader alipanga vipokea sauti vya simu mbele ya jukwaa la nyumba ya opera, na watu waliokuwa mbali na hapo wakasikiliza kwa masikio yote mawili, wakashangaa kumsikia mwimbaji akihama upande hadi upande. Miaka hamsini baadaye, mwezi wa Desemba 1931, Mwingereza Alan Blumlein, fundi wa kampuni ya EMI, aliandikisha uvumbuzi wake wa kurekodi sauti kwa mikondo miwili, na mnamo Januari 1934 alizirekodi kwa njia hiyo ala za okestra kubwa katika studio za Abbey Road mjini London. Blumlein alifariki mwaka 1942 katika ajali ya ndege akiwa na umri wa miaka 38. Lakini njia aliyoionyesha, ya maikrofoni mbili zilizokutanishwa vichwa na kutazama pande mbili, ndiyo inayotumika mpaka leo, kutoka majumba makubwa ya muziki hata mashine ndogo inayoingia mfukoni.

Hapana shaka atatokea wa kutuuliza: je, sahani za Siti binti Saad zilikuwa na mikondo miwili? Hazikuwa nayo. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wenziwe, wakarekodi sahani za santuri zilizosambaa pwani yote ya Afrika Mashariki, na sauti yake ikatufikia sisi tuliozaliwa miaka mingi baada ya kufa kwake mwaka 1950. Mkondo ulikuwa mmoja, na haukumzuia kutufikia. Lakini tuangalie vyema. Kazi ile ilifanywa ndani ya nyumba, na mafundi waliojua kila mmoja akae umbali gani na chombo. Sisi tunarekodi nje, penye upepo, mawimbi, umati, jenereta na spika, na sauti zinatujia kutoka kila upande. Ndani ya nyumba tulivu sikio moja lenye kuelewa huweza kutosha. Katikati ya uwanja, aliye na sikio moja hana wa kumsaidia. Na somo kubwa la santuri zile si idadi ya mikondo, bali ni kwamba palikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kufikiri chombo kiwekwe wapi.

Mwaka uliofuata baada ya msiba wetu, kijiji kilekile kilifanya tena onyesho lake, katika uwanja uleule, mwezi uleule. Safari hii walikuja vijana wawili, mmoja fundi wa redio na mwenziwe mwanafunzi wa muziki, wakiwa na begi moja la mgongoni. Sisi tulikaa pembeni kuangalia. Tutaeleza walichokifanya, kwa kuwa hakuna hata kimoja kisichowezekana kwa kijana mwenye akili timamu wa shehia yoyote ya visiwa hivi.

Walifika baada ya sala ya alasiri, wakati kamati yetu ilikuwa bado ikitafuta viti. Kwanza hawakufungua begi. Walitembea. Walisimama mbele ya jukwaa, wakapiga makofi, wakasikiliza. Uwanja wazi hauna kuta za kurudisha sauti, tofauti na Ngome Kongwe mjini, ambako mawe ya zamani huirudisha kila kofi. Palipo wazi sauti huondoka isirudi, na kila umbali ukizidi mara mbili, nguvu yake hushuka hadi robo. Kwa hiyo fundi wa nje hana budi kusogea karibu kuliko fundi wa ndani. Kisha waliutazama upepo unatokea wapi, wakaomba jenereta ihamishwe nyuma ya banda, upande ambao upepo utaichukua sauti yake na kuipeleka mbali na jukwaa. Kuihamisha kulichukua watu wanne na dakika kumi. Mwaka wa nyuma hakuna aliyetuomba tufanye hivyo, nasi hatukufikiri.

Baada ya hapo waliuliza wapigaji watakaa vipi. Walipoambiwa kwamba safu ya mbele itakuwa na upana wa kama meta 8, walipima hatua kutoka ukingo wa jukwaa, wakasimamisha stendi yao katikati, meta 3 na nusu mbele ya safu hiyo. Tuliwauliza kwa nini pale. Yule mwanafunzi alinyosha mikono yake miwili, mmoja ukimwelekea mpigaji wa mwisho wa kushoto na mwingine yule wa mwisho wa kulia. "Mikono yangu ikifunguka kiasi hiki," alisema, "kundi zima litajaa baina ya spika mbili za msikilizaji. Nikirudi nyuma sana, wote watajikusanya katikati. Nikisogea mno, wa pembeni watabanana kwenye kingo, na katikati patakuwa na shimo."

Juu ya stendi walifunga upau mfupi wa chuma, na juu ya upau maikrofoni mbili za aina moja, zile zinazosikia zaidi mbele kuliko nyuma, ambazo mafundi huzisifu kwa umbo la moyo. Vichwa vyake viliachana sentimeta 17, karibu na upana wa kichwa cha mtu, na zilifunguka kwa pembe ya nyuzi 110, moja ikitazama kushoto na moja kulia. Vipimo hivyo vilichaguliwa na mafundi wa redio ya taifa ya Ufaransa katika miaka ya 1960, na vimekubalika ulimwenguni kwa sababu vinaipa mashine tofauti zote mbili tulizozitaja, ya wakati na ya nguvu. Iko njia nyingine iliyo nyepesi zaidi: vichwa viwili viwekwe kimoja juu ya kingine, bila ya kuachana, kwa pembe ya nyuzi 90. Hapo sura ya kundi hukusanyika zaidi katikati, lakini inapochezwa katika redio ndogo yenye spika moja haipotezi kitu. Fundi anayerekodi kwa ajili ya redio za wakulima na wavuvi wetu asiidharau njia hiyo.

Stendi ilinyanyuliwa hata maikrofoni zikafika karibu meta 3 kutoka chini, zikainamishwa kidogo kuwaelekea wapigaji. Kuinua huko kuna faida mbili. Kwanza, safu ya nyuma haifichwi na ya mbele. Pili, na hili kila Mzanzibari atalielewa, taarabu ni muziki wa kutunza. Akina mama watainuka, watacheza mpaka mbele na noti mkononi, watatunza na kurudi wakicheza, na chochote kilichosimama njiani kitaangushwa. Vijana wale hawakumkataza mtu kutunza. Waliweka mifuko ya mchanga juu ya miguu ya stendi, wakaacha njia pana kulia na kushoto, waya wakaulaza chini ya jamvi, na mmoja wao akakaa hapo chini usiku kucha kama mlinzi wa mnazi.

Ikabaki vita na upepo. Maikrofoni haiujui upepo kama tunavyoujua sisi, kuwa ni baridi ya jioni. Kwayo kila pigo la upepo ni ngurumo, na ngurumo hiyo ikiingia huifunika sauti yote, wala hapana chombo cha kuitoa baadaye bila ya kuujeruhi muziki wenyewe. Sifongo jembamba linalokuja na maikrofoni hufaa ndani ya nyumba. Kwa kusi la Julai au kaskazi la Januari panatakiwa kifuniko cha manyoya marefu, ambacho huvunja nguvu ya upepo kabla haujafika. Vijana walikuwa na vifuniko viwili vya namna hiyo, kimoja walichonunua na kingine walichoshona wenyewe kwa kitambaa cha manyoya, na masikio yetu hayakutambua tofauti. Katika mashine walifungua pia kichujio cha kupunguza sauti nzito mno, lakini kidogo tu, wasije wakaipunguza na ngoma.

Jambo la mwisho kabla ya watu kufika lilikuwa ni majaribio. Mmoja alivaa visikilizio vya masikioni, mwenziwe akaenda kugonga maikrofoni moja moja akisema "kushoto", kisha "kulia", ili isije kesho ikagundulika kwamba mpiga udi amehamia upande wa kodiani. Waliwaomba wapigaji wapige kwa nguvu zao zote kwa dakika moja, wakapanga kipimo kisipite desibeli 12 chini ya ukomo wa mashine, kwa kuwa onyesho lenyewe huzidi majaribio, na vigelegele havina kipimo. Sauti ikizidi ukomo hupasuka, na iliyopasuka haishonwi. Ikiwa ndogo kidogo, yaweza kukuzwa.

Itaulizwa: na mwimbaji je, ambaye sauti yake hutoka katika spika kubwa zilizosimama pembeni mwa jukwaa? Hili ndilo tatizo kubwa la siku hizi, kwa sababu maonyesho mengi ya nje sasa yana nguvu za umeme kuliko za vidole. Vijana walichukua waya mmoja kutoka katika miksa, wenye sauti ya mwimbaji peke yake, wakaurekodi kando. Baadaye waliuchanganya na maikrofoni zao mbili kwa kiasi kidogo, ili maneno ya shairi yasikike, huku sura ya uwanja ikibaki. Ila walituonyesha jambo moja. Sauti ya waya hufika papo hapo, na ile ya hewani huchukua karibu sehemu 3 za elfu za sekunde kwa kila meta moja. Maikrofoni zikiwa mbali na mwimbaji, mchanganyaji hana budi kuichelewesha sauti ya waya kwa kiasi hicho, la sivyo mwimbaji atasikika mara mbili, kama mtu na mwangwi wake.

Sasa msomaji asidhani kwamba vipimo hivi ni sheria isiyobadilika. Taarabu hukaa, lakini msewe na kibati vya ndugu zetu wa Pemba huchezwa kwa miguu, na beni hutembea. Ngoma ikizunguka duara, stendi iliyowekwa nje ya duara itawasikia walio karibu na kuwasahau walio ng'ambo. Hapo fundi atafute kimo zaidi, au aombe ruhusa kwa wenye ngoma asimamishe stendi pale watakapomruhusu wao, wala asiingie kwa nguvu kwa kuwa ametumwa na ofisi. Na mahali pa dhikri au maulidi adabu itangulie ufundi. Wenye shughuli wakisema isirekodiwe, mashine irudi katika begi.

Usiku ule alipiga fidla kijana mmoja aliyefunzwa na marehemu, na alipiga kwa mkono wa mwalimu wake. Kesho yake vijana walimwita yule mtoto wa mzee, wakamvalisha visikilizio. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Palipoingia fidla aliuinua mkono wake wa kushoto, akauelekeza mahali ambapo kijana alikuwa amekaa, ingawa usiku wa onyesho yeye mwenyewe hakuwapo. Alikaa hivyo mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha akasema: "Mlikuwa mnaweza." Hakusema zaidi, nasi hatukuwa na la kumjibu.

Kweli tulikuwa tunaweza. Na hapa tunawageukia viongozi wetu wa Serikali, kutoka masheha na wakuu wa Wilaya hata Wizara yenye dhamana ya utamaduni. Visiwa hivi si maskini wa muziki. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limeileta Afrika nzima katika Ngome Kongwe. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 2002. Kila Julai Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa. Lakini mara nyingi, anayetaka kusikia rekodi nzuri ya wazee wetu huishia katika kazi za wageni waliokuja na mashine zao, wakarekodi kwa uangalifu, wakaondoka na kanda. Hatuwalaumu, tunawashukuru. Bali mwenye nyumba anayengoja mgeni amwandikie daftari la mali yake hana haki ya kulalamika akikuta limeandikwa kwa lugha nyingine.

Tunapendekeza mambo manne, yasiyohitaji mfadhili. La kwanza, Zanzibar ina Wilaya 11. Kila Wilaya iwe na jozi moja ya maikrofoni, stendi, vifuniko vya upepo na mashine ndogo ya kurekodi. Hizo ni maikrofoni 22 kwa Unguja na Pemba yote. Vyombo vya Wilaya moja huingia katika begi moja, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na majukwaa, mahema na spika tunazozikodi kwa sherehe moja tu. Vitunzwe katika sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, kwa kuwa chumvi ya bahari yetu huzila maikrofoni hata zikiwa kabatini.

La pili, kila Wilaya ichague vijana wawili, nao wafunzwe. Tunasisitiza wawili: mmoja wa kusikiliza na mmoja wa kulinda stendi. Wala wasichaguliwe kwa ujamaa. Wachaguliwe wale wenye masikio na subira, wake kwa waume, kwa kuwa yako maonyesho ya wanawake ambayo mwanamume hapaswi kuyakaribia.

La tatu, kila rekodi ianze kwa kutajwa kwa sauti siku, mahali, jina la kikundi na majina ya wapigaji, kisha nakala mbili ziwekwe mahali pawili tofauti, moja Wilayani na moja katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Saa moja ya rekodi safi ya stirio haizidi sana gigabaiti moja. Kisingizio cha kukosa nafasi hakipo tena.

La nne, na hili lisisahauliwe na mtu yeyote mwenye cheo: rekodi ni mali ya aliyepiga na aliyeimba kabla ya kuwa mali ya ofisi. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu mwaka 2003. Msanii aombwe idhini, aandikiwe, apewe nakala yake bila ya kuizungukia miezi sita, na ikiuzwa alipwe. Tukimnyima haki yake, maikrofoni zetu zitakuwa ni masikio ya mwizi.

Tumekwisha sema kwamba jambo lenyewe ni dogo. Stendi moja, upau mmoja, sentimeta 17, kitambaa cha manyoya, na mtu wa kuhamisha jenereta. Lakini wazee waliobaki na sauti za zamani katika vidole vyao wanahesabika, na kila kusi linapovuma hupungua. Julai hii patakuwa tena na onyesho katika vijiji vingi. Kila kamati itakapokaa kupanga viti, chakula na wageni wa heshima, tunaiomba iongeze swali moja katika ajenda yake: usiku huo nani atasikiliza, na atasimama wapi? Sisi hatukuuliza. Mzee wetu alipiga robo saa, na robo saa hiyo imekwenda na upepo.